Inafunga au Inafungua

Tangu Jumamosi ile sipendi kusikia wanawake wakiimba ndani ya simu. Wakiimba kanisani nakaa, wakiimba msibani nakaa, lakini wimbo ukitoka kwenye simu nasimama naondoka, hata kama simu ni ya mtu mwingine. Watu wa hapa Kerende wanasema nimeingiwa na kiburi cha uzee. Kiburi ninacho, sikatai, na nitakisimulia hapa hapa. Lakini kwenye simu ni woga tu.

Mimi ni fundi Magige. Gereji yangu ni mabati manne na shimo la kushukia chini ya magari, na nimeinama juu ya injini mwaka wa ishirini na sita sasa. Kazi naijua, na mdomo wangu unajua kwamba naijua. Mteja akianza kunieleza ugonjwa wa gari lake kwa maneno mengi, namkabidhi spana namwambia atengeneze mwenyewe. Mke wangu Mogesi aliniambia zamani kwamba siku moja nitamjibu mtu ambaye sikupaswa kumjibu. Nilimwambia apike.

Binti yetu Tabitha alikulia kwenye shimo lile. Ana miaka ishirini na mitano, ana leseni ya magari makubwa, na ndiye dereva wa mkonga wa Mzee Elia, mzee wa kanisa. Mkonga ni yale magari ya dizeli ya zamani, pua ndefu, mabenchi mawili nyuma, yasiyokufa. Gerejini Tabitha ananiita fundi kama wateja wengine, maana sikutaka watu waseme anadekezwa. Nyumbani ananiita tata, yaani baba kwa Kikurya chetu. Huo ulikuwa utaratibu wetu, na hakuwahi kuukosea.

Mkonga wa Mzee Elia ulikuwa na aibu moja. Injini yake ni ya mikanda mitatu myembamba ya V: mmoja wa feni na pampu ya maji, mmoja wa oltaneta inayochaji betri, mmoja wa stelingi. Vumbi la huku likiingia kwenye puli, yale magurudumu inayozungukia, mikanda inateleza, na gari linapiga yowe. Mzee Elia alikuwa akifika kanisani katikati ya maombi, yowe linatangulia, waumini wanacheka wakiwa wamefumba macho. Alipokwenda Mugumu akaona magari mapya yenye mkanda mmoja mpana wa mistari, unaojipinda kwenye puli zote kama nyoka, na hayatoi hata mluzi. Akaja kuniuliza kama injini yake inaweza kuvishwa huo mkanda nyoka. Nilisema inawezekana kabla sijafikiri kama inawezekana.

Nilihangaika nayo wiki mbili. Puli zote za zamani zilitoka. Vifaa vya mbele vya injini nyingine nilivipata kwa Akech, mama wa Kijaluo anayeuza spea za mtumba pale Sirari mpakani: puli kubwa ya chini, roli ya kukazia mkanda, bracketi, na oltaneta. Nilivuta uzi wa mwashi kutoka puli ya chini hadi ya juu kuhakikisha zote zimekaa kwenye mstari mmoja, maana mkanda mpana hausamehe puli iliyotoka hata kwa unene wa kucha. Kazi ilikuwa safi. Nasema hivi nikijua yaliyofuata.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Oltaneta za dizeli zina pampu ndogo mgongoni. Pampu hiyo inanyonya upepo kutoka kwenye bakuli jeusi lililo mbele ya pedali ya breki, na mnyonyo huo ndio unaousaidia mguu wa dereva. Ukikosekana, breki zipo, mafuta yake yapo, lakini unakanyaga ukuta. Pampu hiyo inanyonya ikizungushwa upande mmoja tu. Ukiizungusha kinyume, oltaneta itachaji betri vizuri, taa ya dashibodi itazimika, na pampu itazunguka bure.

Sasa oltaneta ya Akech ilikuja na puli laini, haina mistari. Ningetulia ningejua maana yake. Puli laini inazungushwa na mgongo wa mkanda, na kinachozungushwa na mgongo kinakwenda kinyume na vingine vyote. Mimi niliona puli imechakaa. Hata hivyo roho haikutulia, nikampigia simu.

Mafundi wa huku hatusemi kulia wala kushoto. Kulia kwa aliyekaa kwenye usukani ni kushoto kwa aliyeinamia injini, na watu wamevunja vitu vingi kwa ajili ya neno hilo. Tunasema kufunga na kufungua, kama nati. Kinachozunguka upande wa kukaza kinafunga, kinachozunguka upande wa kulegeza kinafungua. Basi nilimuuliza Akech jambo moja tu.

"Hii oltaneta, inafunga au inafungua?"

"Inafunga, fundi," akasema. "Inafunga vizuri sana. Weka tu, usiogope."

Nikamshukuru, nikakata. Niliing'oa ile puli laini, nikapachika yenye mistari, nikapitisha mkanda kwa tumbo lake, upande wenye mistari, kama puli nyingine.

Jumamosi asubuhi niliwasha injini mbele ya watu. Haikupiga yowe wala mluzi. Taa ya chaji ilizimika papo hapo. Mzee Elia alisimama mbele ya boneti amevua kofia, na mimi nilizunguka na gari uwanjani polepole mara mbili, mkono mmoja dirishani, nikasimama pale pale nilipoanzia. Kwa mwendo ule hata ukiweka mguu nje gari linasimama. Wapita njia walikuwa wamejaa, na nilijisikia mkubwa.

Tabitha alipanda, akaenda hadi barabarani na kurudi. Alikuwa na safari ya kuwapeleka wanakwaya kumi na mmoja Mugumu, kwenye harusi ya binti wa mmoja wao. Walishaanza kupandisha sufuria na ngoma. Alizima injini, akashuka, akanisogelea karibu kuliko kawaida.

"Tata," alisema kwa sauti ya chini, "pedali ngumu."

Aliniita tata, gerejini, mbele ya wateja. Neno lile peke yake lingetosha. Lakini nilichosikia mimi ni mtu anayeharibu siku yangu mbele ya Mzee Elia. Nilimjibu kwa sauti ambayo hata wanaouza mihogo ng'ambo ya barabara waliisikia. Nilimwambia breki laini ndiyo ya kuogopa, breki ngumu ndiyo breki. Kwamba amezoea pedali za wazembe. Kwamba kama mguu wake umechoka akauze mihogo na wale. Watu wakacheka. Aliniomba nikanyage mwenyewe. Nikapitisha mguu mlangoni bila hata kukaa, nikakanyaga mara moja, nikasema iko sawa.

Nilikanyaga injini ikiwa imezimwa. Injini ikizimwa kila pedali ni ngumu, ya gari zima na ya gari bovu. Hilo nilimfundisha mimi mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne: kaa, kanyaga, kisha washa, ukiona pedali inazama kidogo chini ya mguu ujue mnyonyo upo. Alinitazama kama anasubiri nikumbuke. Mimi nikafuta mikono kwa tambara. Alirudi kwenye usukani, na saa tatu kasoro wakaondoka wakiimba.

Nikanywa chai. Bado nilikuwa na hasira naye, naikumbuka hasira ile kwa sababu ndiyo ya mwisho niliyoifurahia.

Akech alipiga simu kama saa tatu na nusu. Alitaka kujua mzigo ulikaaje. Nikamwambia gari linalia kama paka aliyeshiba. Akacheka, akauliza, "Na breki je, inafunga? Si nilikuambia itafunga?"

Nikamwambia sikumuuliza habari za breki, nilimuuliza oltaneta.

"Si ni hiyo hiyo, omera, ndugu yangu? Ile pampu ya breki ya mgongoni. Uliniuliza kama inafunga, nami nikakuambia inafunga. Ile ni nzima kabisa. Mwenyewe aliyeniuzia alisema ukigusa tu breki, gari imefunga." Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, "Mkanda umeupitisha kwa mgongo lakini, ama? Ile huwa inazunguka kinyume."

Nilikata simu. Nakumbuka kikombe kilikuwa mkononi na chai ikaanza kunimwagikia vidoleni, na sikusikia moto. Nilikwenda kwenye boksi la vyuma chakavu, nikapekua, nikaitoa ile puli laini. Niliitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba kwa mara ya pili. Haikuwa imechakaa. Ilitengenezwa laini tangu kiwandani.

Kutoka hapa Kerende, kupitia Kewanja hadi Matongo, barabara ni tambarare, na mtu anaweza kwenda na breki mbaya asidhurike sana. Baada ya Matongo inateremka kuelekea Mto Mara. Ni mteremko mrefu wenye kokoto, una kona mbili, na chini kabisa kuna daraja na mahali ng'ombe wanapovuka kwenda kunywa maji. Magari yenye breki nzuri yanauteremka taratibu.

Nikampigia Tabitha. Simu iliita hadi ikakata. Nikapiga tena, ikaita tena. Hakupokea kwa sababu dereva niliyemfundisha mimi hapokei simu barabarani. Hiyo ni sheria yangu, niliiandika kwa rangi nyekundu kwenye bati la gereji, na wakati fulani nilimnyang'anya funguo wiki nzima kwa kuivunja. Nilisimama chini ya maandishi yangu mwenyewe nikiomba binti yangu asiwe na adabu.

Nikampigia Mama Scholastica, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa amekaa nyuma na wenzake. Yeye alipokea. Ndani ya simu hakukuwa na kitu ila wimbo. Walikuwa wanaimba kwa vigelegele na ngoma, na upepo unapiga, na yeye akisema haloo, haloo, nani. Nikapaza sauti, nikamwambia mwambie Tabitha asimame. Akasema asante, na sisi tunakupenda, tutawaletea pilau. Nikapiga kelele hadi koo likauma. Wimbo ukaendelea, kisha mtandao ukakatika, na simu ikawa kimya sikioni kwangu.

Ogola ni mwendesha bodaboda anayeegesha mbele ya gereji, mtu mzima wa umri wangu kasoro kidogo, Mjaluo wa Shirati asiyependa mbio. Nilipanda nyuma yake kabla hajauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Tabitha hana breki. Hakuuliza neno lingine.

Sijui kueleza njia ile. Nilikuwa nimefumba macho nusu. Tulipita Kewanja katikati ya vumbi la malori, na kila lori lililokuja mbele yetu nililiona kama mkonga uliogeuka kurudi, na kila mara halikuwa mkonga. Nilichungulia huku na huku hadi Ogola akaniambia nitulie, pikipiki inayumba. Nilitaka kuomba, nikashindwa kupata mwanzo wa sala. Kilichonijia mdomoni ni mikanda ile mitatu. Ningeiacha. Mmoja ukikatika, mingine miwili inaendelea na kazi yake. Mimi niliichukua roho ya gari, stelingi, maji, chaji na breki, nikaitundika yote kwenye mkanda mmoja, kisha nikaupitisha vibaya, kisha nikamtukana aliyegundua.

Matongo kulikuwa na ng'ombe barabarani. Ogola alipiga honi hadi mchungaji akatuonyesha fimbo. Nikamuuliza kama ameona mkonga wa kijani wenye wanakwaya. Akasema umepita sasa hivi, ulisimama pale dukani, mmoja akanunua maji, wakaendelea. Sasa hivi ya mchungaji inaweza kuwa dakika tano au saa nzima. Nikamwomba Ogola aongeze mwendo. Huyo mtu asiyependa mbio aliongeza, na machozi ya upepo yakamtoka.

Nilijiandaa kwa nitakachokiona pale juu. Nilijiambia nitazame kwanza upande wa bonde, maana gari lisilo na breki hutoka barabarani kwenye kona ya kwanza. Nilijiambia nisitazame nguo zilizotawanyika. Tulipofika mwanzo wa mteremko nikashika bega la Ogola kwa nguvu, akapunguza mwendo, na nikatazama.

Barabarani kulikuwa na wanawake wanatembea kwa miguu.

Walikuwa wanateremka pembeni mwa barabara katika mstari mmoja, sufuria vichwani, ngoma mgongoni, sare zao za zambarau, viatu wamevishika mikononi. Niliwahesabu. Kumi na mmoja. Nikahesabu tena. Mama Scholastica aliponiona akadhani nimekuja harusini, akaanza kucheka. Nilimuuliza binti yangu yuko wapi, na sauti iliyotoka sikuijua.

Alinieleza haraka. Tabitha alisimamisha gari pale juu, kwa shida, likaenda mbele kidogo kabla ya kukubali. Akawaambia washuke wote. Alisema gari ni zito, mteremko una kokoto, atateremka peke yake, wao wamfuate kwa miguu hadi darajani. Walinung'unika kwa sababu ya sufuria. Akawajibu kwa ukali kuliko walivyomzoea, mmoja akasema kweli ni mtoto wa Magige.

Nilitazama chini. Mkonga ulikuwa umeshapita kona ya kwanza. Ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, gia namba moja, injini inanguruma kwa kuzuia uzito. Kwa muda mfupi nilipumua. Dereva mzuri anaweza kulishusha gari hivyo bila breki, akizuiwa na gia peke yake.

Kisha nikakumbuka kwamba namba moja ya mkonga ule inaruka. Ni tabia yake ya miaka mingi. Gari likipiga shimo, gia inachomoka yenyewe, na dereva lazima aishikilie kwa mkono. Mzee Elia aliniomba mara tatu niishughulikie. Nilimwambia kwanza tumalize kelele.

Chini, karibu na daraja, ng'ombe walikuwa wameanza kuvuka.

Nilishuka kwenye pikipiki ikiwa bado inatembea, nikaanguka, nikainuka, nikakimbia. Mtu wa umri wangu hakimbii mteremko wa kokoto, na mimi nilikimbia. Niliita jina lake. Alikuwa mbali, na kioo cha upande wangu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vumbi. Nikaona gari linapiga shimo na kuruka kidogo. Mngurumo ukakatika ghafla, injini ikabaki inavuma bila mzigo, na nikajua gia imechomoka.

Hakuna sauti niliyowahi kuiogopa kama ile injini nyepesi.

Mkonga ulianza kwenda. Polepole kwanza, kisha si polepole. Nilimwona Tabitha kupitia kioo cha nyuma akijaribu kuirudisha gia, nikasikia meno yakisaga, ikakataa. Nilimwona akiacha kuijaribu. Halafu kichwa chake kikapanda juu, kikagusa paa, na nikaelewa kwamba amesimama. Alikuwa amesimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, ameshika usukani kwa mikono yote, anaiwekea breki uzito wake wote, kilo hamsini na kitu za mtoto wangu. Taa za nyuma ziliwaka nyekundu. Gari lilipungua, halikusimama. Ng'ombe walikuwa mbele, na nyuma yao mto.

Akakata usukani kushoto. Mkonga uliiacha barabara, ukapanda ukingo wa udongo, ukalala upande, nikadhani umepinduka. Ulisuguana na ukingo ule mita kumi au kumi na tano, bodi inapasuka, kisha ukakita pua kwenye kichuguu, ukatulia. Vumbi likafunika kila kitu. Ng'ombe wakaendelea kuvuka.

Sehemu iliyobaki sikukimbia. Nilitembea, na nilisema kwa sauti, peke yangu barabarani, kwamba kama yu hai sitainua tena mdomo wangu kwa mtu. Ogola alinipita na pikipiki akawahi kufika.

Tabitha alikuwa ameketi chini kando ya tairi la nyuma, magoti yamekunjwa. Paji la uso lilikuwa limechanika kidogo na damu imeshuka hadi kwenye nyusi. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba. Ogola alikuwa anamfunga kitambaa. Miguu yake, miguu yote miwili, ilikuwa inatetemeka yenyewe, kuanzia paja hadi kisigino, na yeye alikuwa anaitazama kana kwamba si yake.

Nilipiga magoti mbele yake. Nilitaka kumshika nikaogopa kumuumiza. Nilimuuliza mambo ya kijinga, kama anaona vizuri, kama anajua leo ni siku gani. Akajibu yote. Kisha nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma tangu juu. Kama alijua gari halina breki hadi akawashusha watu, kwa nini hakuliacha pale pale juu na kunipigia simu?

Alikuwa anaifuta damu kwenye nyusi kwa mgongo wa mkono.

"Ningekuambia nini, fundi? Ulishaikanyaga mwenyewe, ukasema iko sawa." Akatazama juu mteremkoni. "Wale mama siwezi kuwajaribia roho zao. Lakini nikiliacha gari juu, nirudi kwa miguu gerejini, nikuambie nimeogopa mbele ya watu wale wale? Nilisimama pale nikafikiri. Mteremko niliuogopa. Wewe nilikuogopa zaidi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyoniambia mafuta yamebaki robo. Ogola aliinuka akaenda kuwatazama ng'ombe.

Ningeweza kumweleza habari za Akech na neno lile moja lililotuingiza wote wawili katika maana mbili. Ningeweza kusema pampu, puli, mgongo wa mkanda. Vyote vilikuwa kweli, na nilivimeza. Nilimwambia anisamehe. Sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtu neno hilo, kwa hiyo lilitoka vibaya, nikalirudia. Alitoa funguo mfukoni akazitazama, kisha akanipa.

"Washa," alisema. "Ukae. Ukanyage."

Injini ilikuwa nzima, kichuguu kimeshika bampa tu, rejeta haikuguswa. Nilipanda. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kwa ajili ya miguu yake mifupi, magoti yangu yakagonga chini ya usukani, sikukisogeza. Niliwasha. Ikawaka papo hapo, kimya, bila yowe, ule ukimya wangu niliokuwa najivunia asubuhi. Nikaweka mguu kwenye pedali nikakanyaga. Haikuzama. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, mimi mwenye kilo tisini, hadi mgongo ukajikunja kwenye kiti, na pedali ilikaa pale pale kama imechomelewa kwenye sakafu.

Tabitha alikuwa amesimama dirishani, ameshika mlango ili asianguke, anaingojea sauti yangu.

"Ngumu," nikasema.

"Eee."

"Pedali ni ngumu, Tabitha."

Akatikisa kichwa kukubali. Kule juu wanakwaya walikuwa wanafika kona ya mwisho, sufuria vichwani, na mmoja wao alipoona vumbi na gari kwenye kichuguu akaanza kupiga yowe. Tabitha aliwapungia mkono ule mzima ili waone amesimama. Nikazima injini, na mguu wangu ukabaki juu ya pedali muda mrefu, kwa sababu nilipojaribu kuutoa ulikuwa unatetemeka kama wake.